Moja Gawanya kwa Saba

Harufu ya saipresi mbichi ikipasuliwa haifanani na nyingine ninayoijua. Ina ukali kama wa limau, ina utamu kidogo wa kitu kilichoungua, na chini yake kuna ubaridi wa udongo wa msituni ambao jua halijawahi kuugusa. Hapa Rhonda, mtaa wa Nakuru, ninapouza uji na mandazi, nyuma ya kibanda changu wako mafundi wa vitanda na makabati, na lori likiwashushia mbao kutoka kule juu, harufu hiyo hunifikia kabla sijasikia msumeno. Mkono wangu husimama. Mteja ananiita, "Mathe, uji unamwagika," nami nikitazama, naona kweli unamwagika. Wanadhani uzee umenianza mapema. Hawajui kwamba wakati huo nimesharudi Elburgon, ndani ya nyumba ya mabanzi, mbele ya ukuta ulioandikwa kwa makaa kutoka pembe hadi pembe, na mimi ni msichana wa darasa la tano ambaye hajaruhusiwa kurudi shuleni.

Kambi yetu ilikuwa juu ya mji, mahali ambapo barabara ya magogo ilikuwa inaingia msitu wa Mau. Wengi wetu tulikuwa watu wa kutoka magharibi, baba zetu walifuata kazi ya mashine ya mbao, na nyumba tulizokaa zilikuwa mali ya mashine. Zilijengwa kwa mabanzi, yale maganda ya nje ya gogo ambayo hayafai kuuzwa, yamesimamishwa moja kando ya jingine na kupigiwa misumari. Upande wa nje yalikuwa na magome, upande wa ndani yalikuwa laini na meupe kama mkate. Kati ya banzi na banzi palikuwa na upenyo, na ukungu wa asubuhi uliingia humo kama mgeni asiyebisha hodi. Mama aliziba kwa matambara na magazeti, lakini msimu wa mvua ukianza magazeti yalilowa yakaanguka, na blanketi zetu zilinuka unga wa mbao mwaka mzima. Unga huo ulikuwa kila mahali, kwenye nywele, kwenye chumvi, kwenye masikio ya mdogo wangu. Ukipiga chafya, unaona rangi yake kwenye kiganja.

Baba yangu, Wafula, ndiye aliyekuwa akishika gogo kwenye msumeno mkubwa. Ilikuwa kazi ya heshima pale kambini. Alikuwa na sheria moja aliyoirudia nyumbani hata tukiwa tunamenya viazi, kwamba gogo likishaingia kwenye msumeno haliachwi katikati. Lipasue mpaka mwisho, hata kama umeitwa na nani, hata kama chai inapoa, kwa sababu mbao mbichi hujifunga na kubana jino la msumeno, na mashine ikiwashwa tena gogo hilo hurudi nyuma kwa hasira. Kila mtu pale alijua sheria hiyo. Nyapara Barnaba aliijua kuliko wote, maana alikuwa hapo kabla ya baba. Lakini siku moja lori la mnunuzi mkubwa lilifika mapema, Barnaba akapiga mluzi mashine izimwe wanaume wote waende kupakia, na baba alipomwonyesha gogo lililokuwa nusu, akamwambia, "Wafula, gogo halina miguu. Utalikuta." Walipomaliza kupakia, mashine ikawashwa, na gogo likarudi. Lilimpiga baba kifuani. Namtaja Barnaba hapa kwa jina lake, na sitalifuta.

Baada ya mazishi mdogo wangu alichukuliwa na nyanya kule magharibi, kwa kuwa mama hangeweza kulisha midomo yote. Tukabaki wawili. Mama alianza kibarua kwenye mashamba ya viazi na pareto, akiondoka kabla hakujapambazuka vizuri na kurudi giza likianza kuingia, miguu imevimba, udongo mweusi umemfika magotini. Nami nikaanza tabia ambayo sikuijua. Nilikuwa nikiunguruma. Nikiwa nimekaa tu, koo langu lilikuwa likitoa sauti ya msumeno, ile inayoanza chini, ikapanda gogo linapoingia, kisha ikashuka taratibu gogo linapokwisha. Watu waliniambia baadaye. Mimi mwenyewe nilikuwa nikidhani kimya kimenizunguka.

Mwalimu Ezekieli alitufundisha hesabu. Alikuwa kijana mrefu mwenye sweta ya kijani, mtu wa mzaha, na darasa lilimpenda. Siku hiyo alikuwa akifundisha kugawanya na kuweka nukta, na katikati ya somo akanyamaza, akainua sikio kama mbwa.

"Nani anasaga mahindi humu ndani?"

Darasa likacheka. Sikujua ni mimi mpaka niliponyooshewa kidole na Rispa, binti wa Barnaba, ambaye alikuwa kiranja wetu.

"Ni Nasimiyu, Mwalimu. Huyu ni posho mill siku hizi."

Wakacheka zaidi. Mwalimu Ezekieli naye alicheka. Kisha akageuka, akaandika ubaoni moja gawanya kwa saba, akanipa kipande cha chaki, kilichokuwa kidogo kama jino. "Nasimiyu, chukua hiyo. Nenda nje, kaa chini ya dirisha, uifanye. Na usirudi humu ndani mpaka iishe." Hakusema kwa ukali. Alisema huku akifuta machozi ya kicheko. Nikatoka.

Nataka msomaji aelewe kilichokuwa kichwani mwangu, maana watu niliowasimulia husema, "Si ungerudi tu?" Mimi nilikuwa mtoto wa mtu aliyekufa kwa sababu kazi iliachwa nusu. Haikuwa miezi mingi imepita. Mwalimu alikuwa amenipa gogo, na gogo likishaingia haliachwi. Nilipiga mahesabu kwenye ukuta wa shule chini ya dirisha mpaka chaki ikaisha, nikaendelea kwa kijiti kwenye udongo mpaka kengele ikalia na wenzangu wakatoka mbio wakikanyaga juu ya kazi yangu. Kesho yake sikwenda shuleni. Nilingoja mama atoke, nikachukua makaa baridi jikoni, nikasimama mbele ya ukuta wa ndani, ule mweupe, nikaanza upya juu kabisa kwenye pembe ya mlango.

Mambo yalikwenda hivi. Saba haiingii ndani ya moja, basi andika sifuri, weka nukta, shusha sifuri, inakuwa kumi. Saba ndani ya kumi inaingia mara moja, inabaki tatu. Shusha sifuri, thelathini, inaingia mara nne, inabaki mbili. Ishirini, mara mbili, inabaki sita. Sitini, mara nane, inabaki nne. Arobaini, mara tano, inabaki tano. Hamsini, mara saba, inabaki moja. Juu kabisa nilikuwa nimepata 142857, na chini kabisa nilikuwa na moja. Nikashusha sifuri, ikawa kumi, na saba ndani ya kumi inaingia mara moja, inabaki tatu. Nikaendelea hivyo kwa muda kabla sijatambua kwamba sauti ya maneno mdomoni ilikuwa ileile. Nikarudi nyuma, nikatazama juu. 142857142857. Nilishtuka.

Sisi watoto wa kambi tulikuwa tukiingia msituni kutafuta kuni, na tulifundishwa kukwangua gome la mti kila tunapopinda njia, ili tujue tulikopita. Tukafundishwa pia kwamba ukikutana na alama yako mwenyewe mbele yako, umepotea. Unazunguka. Hapo usiende hatua nyingine, simama, paza sauti, ngoja mtu akufuate. Basi nilipoiona ile 142857 mara ya pili nilijua nimekutana na alama yangu. Nilijua nimekosea mahali fulani, labda kwenye sitini, labda kwenye arobaini, na kwamba mtoto mwenye akili angepata njia iliyonyooka na kutokea upande wa pili. Sikuwa na wa kumpazia sauti. Nikafuta kwa tambara lenye maji, ukuta ukabaki na mawingu ya kijivu, nikaanza tena.

Mvua ndefu zilikuwa zimeanza. Ilikuwa ikinyesha kuanzia mchana, mabati yanapiga kelele hata huwezi kujisikia ukiunguruma, na kambi nzima huwa tupu saa hizo, wanaume kwenye mashine, wanawake mashambani, watoto shuleni. Niliweza kusikia kuku wa jirani akijikung'uta chini ya sakafu yetu. Nilianza kuhakikisha jibu kama tulivyofundishwa, kwamba ukigawanya kwa saba, basi zidisha kwa saba, na kitu ulichogawanya kitarudi. Ukikata mkate vipande saba kisha ukavirudisha mahali pamoja, si unapata mkate? Nikaiacha nukta pembeni, nikachukua 142857, nikazidisha kwa saba. Saba mara saba arobaini na tisa, andika tisa. Saba mara tano thelathini na tano, ongeza nne, thelathini na tisa, andika tisa. Ikaja tisa nyingine, na nyingine, mpaka ukuta ukawa na tisa sita zimesimama mstari mmoja kama askari. 999999. Na mimi nilikuwa nikitarajia moja yenye sifuri sita nyuma yake, milioni kamili. Ilipungua moja. Moja tu. Nikachukua namba ndefu zaidi, ile iliyojirudia, nikazidisha, zikaja tisa nyingi zaidi, na ile moja bado ilikuwa haipo.

Ndiyo maana nilikaa nyumbani msimu mzima. Nilikuwa nikiitafuta ile moja. Niliamini kwamba ni mimi niliyeipoteza, mahali fulani kati ya mlango na meko, na kwamba nikiipata hesabu itaisha, nami nitabeba jibu mpaka darasani, Mwalimu Ezekieli aseme, "Keti, Nasimiyu."

Katika kuitafuta niliijua namba ile kuliko nilivyomjua mtu yeyote aliyebaki kambini. Nikiizidisha kwa mbili ilinipa 285714. Nikiizidisha kwa tatu, 428571. Kwa nne, 571428. Kwa tano, 714285. Kwa sita, 857142. Soma tena polepole uone. Ni walewale sita, katika mstari uleule, ila kila mara anatangulia mwingine na waliokuwa mbele wanakwenda nyuma, kama watoto wanaozunguka wameshikana mikono wakiimba. Nilipoona mara ya kwanza nilicheka peke yangu kwa sauti, kisha nikanyamaza, maana kicheko katika nyumba tupu kina namna yake ya kukurudia. Niliikata katikati, 142 na 857, nikajumlisha, ikawa 999. Niliikata vipande vitatu, 14 na 28 na 57, ikawa 99. Moja alikuwa mwenzake nane, nne mwenzake tano, mbili mwenzake saba, kila wawili wakikutana wanafanya tisa. Tatu, sita na tisa hawakuitwa kwenye mchezo kabisa. Hata ningegawanya mpaka uzee wangu, tatu hangetokea juu. Nilimhurumia tatu. Nilimwona kama mtoto aliyesimama pembeni ya uwanja, mikono nyuma, akisubiri aambiwe aingie. Baadaye nikagundua kwamba tatu na sita huwa chini, kwenye mabaki, wanafanya kazi kila mzunguko bila kutajwa kwenye jibu, nikawahurumia zaidi.

Saa ya kutoka shule Rispa alipita karibu na nyumba yetu kila siku, kwa sababu ya kwao ilikuwa mwisho wa mstari, ile yenye sakafu ya saruji. Aliweka jicho kwenye upenyo wa mabanzi.

"Posho mill. Umemaliza?"

"Bado."

"Bado gani? Ng'ombe wetu ameshika mimba akazaa, wewe bado moja kwa saba."

"Mwalimu amesema nini?"

"Mwalimu? Mwalimu amesahau kama uko." Akapiga banzi kwa kiganja, akaenda zake akiruka madimbwi, na wale wadogo waliomfuata wakaniita Moja kwa Saba mpaka sauti zao zikapotelea kwenye mvua. Kuna siku alisimama pale muda mrefu bila kusema. Niliona jicho lake likipepesa kwenye upenyo, likifuata mistari ya ukuta wangu kutoka kushoto kwenda kulia. Nilidhani ataniambia jambo. Akasema tu, "Umeharibu nyumba ya mashine. Nitamwambia baba." Rispa namtaja pia.

Na mama yangu, je? Mama hakujua kusoma. Alirudi jioni, akawasha koroboi, akaona ukuta umejaa namba nyeusi kutoka chini mpaka nilipoweza kufikia nikipanda kwenye ndoo, na moyo wake ukajaa. Alidhani mimi ni mwanafunzi wa ajabu. Alimwambia mama wa jirani kupitia ukutani, "Huyu wangu anasoma mpaka ubao wa shule haumtoshi." Nilimsikia akiringa, mara ya kwanza tangu baba afe. Aliacha kuweka sufuria karibu na ukuta ili moshi usiharibu kazi yangu. Ningemwambiaje? Kila siku niliyokaa kimya iliongeza uzito wa kumwambia siku iliyofuata. Nilivaa sare asubuhi akiwa anatoka, nikaivua alipopotea kwenye ukungu, ili isichafuke kwa makaa. Naandika jina la kila aliyenikosea, na nikifika kwa mama mkono unasita. Angeuliza tu. Angesema, "Mwalimu wako anasemaje?" Hakuuliza. Lakini mtu aliyeinama kwenye viazi tangu alfajiri ana swali gani limebaki?

Mvua zilipokaribia kwisha Barnaba alikuja na wanaume wawili na nyundo. Alisema nyumba ni ya mfanyakazi, na mfanyakazi wa nyumba hii hayupo tena, na isitoshe mtoto ameichafua. Mama alikuwa shambani. Nilisimama nje na sare yangu mikononi huku wakiyang'oa mabanzi moja moja, misumari ikilia. Kila banzi lilitoka na tarakimu zake, labda mbili za juu, nne za chini, na walipoyatupa kwenye mkokoteni yalilala ovyo, mengine kichwa chini, nane ikiwa bado nane, nne ikiwa kitu kisicho na jina. Mama aliporudi alikuta vyombo vyetu vimepangwa kwenye nyasi na mimi nimevikalia kama kuku. Hakulia. Aliuliza yalikopelekwa mabanzi yenye hesabu. Nikamwambia nyumbani kwa nyapara. Siku tulipopita hapo tukielekea kwa rafiki wa mama, mjini Nakuru, ambako angetafuta kazi ya kufua, niliyaona. Barnaba alikuwa amejengea banda la nguruwe. Upande wenye makaa ulitazama barabara, na namba zangu zilikuwa zimechanganywa kabisa. Mama alinishika bega akasema, "Utaandika zingine." Kule mjini hatukupata shule. Nilianza kufua naye kwenye nyumba za matajiri za Milimani, na mpaka leo darasa langu ni la tano, nusu.

Barnaba alikufa juzijuzi, mzee sana, kitandani kwake, wajukuu wamemzunguka. Nilipanda mpaka Elburgon kumzika. Nitasema kweli, nilitaka kuona udongo ukimwagwa. Katika wasifu walisoma kwamba binti yake mkubwa, Rispa, alimtangulia. Sikuwa nimejua. Nilikuwa nimemwekea maneno miaka mingi, na sasa hayakuwa na pa kwenda. Wakati wa chakula, chini ya hema, niliona mzee mrefu ameketi peke yake na sahani ya wali magotini, kofia imemfunika nusu ya uso, na nilimjua kwa mikono. Nikavuta kiti.

"Habari ya miaka, Mwalimu."

"Njema, mama. Nisamehe, macho yameniacha. Wewe ni wa nani?"

"Wa Wafula. Yule wa gogo."

"Oh, Wafula. Pole. Alikuwa mtu wa kazi." Akala kidogo. "Na nilikufundisha?"

"Darasa la tano. Mwalimu, nina swali la hesabu."

Akatabasamu, akaweka kijiko chini. "Uliza, ingawa kichwa kimebaki nusu."

"Moja gawanya kwa saba ni ngapi?"

Alicheka kile kicheko kilekile, nikakijua. "Hiyo haiishi, mama. Hiyo unaweza kuigawanya kutoka hapa mpaka Kisumu kwa miguu, na bado una moja mkononi. Nilikuwa nawapa wale wasumbufu. Ukimpa mtoto hiyo, anatulia mpaka kengele. Ilikuwa dawa yangu."

"Uliniambia nisirudi mpaka iishe."

Aliinua kofia akanitazama. Watu walikuwa wakiita soda upande wa pili, na mtu akicheka. "Nilisema hivyo?"

"Ulisema."

"Lakini hayo ni maneno tu, mtoto wangu. Wote niliwaambia hivyo. Walirudi kesho yake wakasema wameshindwa, nikawachapa mbili, wakakaa chini. Wote." Akazungusha kijiko kwenye wali. "Na wewe... si nilimtuma kiranja akuite? Binti wa huyu marehemu. Nilimtuma zaidi ya mara moja. Akasema mmehama."

Kama alimtuma, basi jicho lile kwenye upenyo lilikuwa limebeba ruhusa yangu likakataa kuitoa. Kama hakumtuma, basi ameibuni pale pale, kwenye kiti cha plastiki, ili amalize chakula chake kwa amani. Mmoja wao ni mwongo na mmoja wao yuko kaburini, na siwezi kuwaweka pamoja niwatazame usoni. Aliniuliza kama napenda maini, akanisogezea sahani yake. Nilikula. Nilikuwa nimetoka Rhonda bila chai.

Siku hizi kila mtu ana simu, na simu zina mashine ya hesabu. Niliwahi kumwomba mteja anibonyezee moja gawanya kwa saba. Ilitokea mara moja, kabla hajashusha kikombe, 0.142857142857, ikakatika kwa sababu kioo kilikuwa kimekwisha. Alisema, "Ndiyo hiyo, mathe," akaendelea na uji wake. Msimu mzima wa utoto wangu, na mvua yake na ukuta wake, umeingia kwenye kitu kinachokaa mfukoni na funguo. Siwaonei wivu watoto wa sasa. Nawaona asubuhi wakipita na mikoba yao kwenda shule, wakiambiwa njoo wanakuja, wakiambiwa toka wanatoka na kurudi kabla mlango haujafungwa. Labda ndivyo inavyotakiwa mtu ayasikie maneno ya wakubwa. Hakuna aliyenifundisha.

Kibanda changu nacho ni cha mabanzi, na makaa hayakosi. Saa ya mchana, wateja wakipungua na mafundi wakiwa wamezima msumeno kwa chakula, huwa naandika ile hesabu kwenye ukuta wa ndani, ule ambao hauonekani barabarani. Kumi, inaingia mara moja. Thelathini, mara nne. Sihitaji tena kufikiri. Nikifika hamsini, mara saba, nasimama hapo. Zamani nilidhani ile moja iliyopungua kwenye milioni niliipoteza kwa uzembe wangu, na nilizunguka nyumba tupu nikiitafuta kwenye mistari ya juu, mahali pa majibu. Haikuwa imepotea. Ilikuwa pale chini muda wote, baki, imekaa kimya mwisho wa kila mzunguko, ikingoja mtu ashushe sifuri na kuendelea nayo.